Maziwa Yakiganda Kibuyuni ni Mursik, Yakiganda Kituoni ni Hasara

Kama umeishi Eldoret hata mwezi mmoja, hii picha unaijua. Mwanariadha ameshuka kwa ndege na medali shingoni, mama mmoja anamshikia sotet, yaani kile kibuyu chetu, jamaa anapiga funda moja la mursik na kila mtu anapiga vigelegele. Hapo maziwa yaliyoganda ni heshima. Huwezi kumkaribisha bingwa wa dunia na soda.

Asubuhi hiyo hiyo, pande za Moiben au Ziwa, kuna mkulima anarudi nyumbani na mtungi uliojaa. Maziwa yake yamekataliwa kwa kituo cha kukusanyia. Mpimaji alichanganya kidogo na alikoholi, yakafanya vidonge vidonge, hiyo stori ikaishia hapo. Yaligandia mahali pabaya.

Sasa wasee, swali langu ni hili: kati ya hayo maziwa mawili, tofauti iko wapi? Ukiuliza kemia, karibu hakuna. Ni proteini zile zile, zilikuwa zinaelea kila moja kivyake, halafu kitu kikaondoka katikati yao zikashikana. Tofauti kubwa ni nani alitaka zishikane, wakati gani, na nani ana ruhusa ya kusema maana yake. Leo nataka tupitie historia ya hizo nguvu, kwa sababu naona mwenye maelezo ndiye huwa anapanga bei, na sisi tumekuwa upande usiofaa wa hayo maelezo kwa miaka mingi.

Tuanze na kitu chenyewe. Maziwa hayako kama maji ya sukari. Sukari ikiingia kwa maji inapotea kabisa, molekuli moja moja. Maziwa ni maji, karibu asilimia 87, yaliyobeba umati wa vitu vidogo ambavyo havijayeyuka. Kuna matone ya mafuta. Halafu kuna vifurushi vya proteini inaitwa kaseini, ambayo ndiyo karibu asilimia 80 ya proteini yote ya maziwa ya ng'ombe. Kifurushi kimoja kina upana wa kama nanomita 100 hadi 200. Ukichukua unywele wako mmoja, unaweza kupanga vifurushi mamia kwa upana wake. Hivyo vifurushi na matone ndivyo vinatawanya mwanga, na ndiyo maana maziwa ni meupe.

Mchanganyiko wa aina hii unaitwa koloidi. Jina lilitolewa mwaka 1861 na Thomas Graham, Mskoti ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa kiwanda cha sarafu cha London. Alilitoa kwa neno la Kigiriki la gundi, kwa sababu vitu alivyokuwa anachunguza vilipita polepole sana kwenye utando ambao chumvi inapita bila shida. Damu ni koloidi. Rangi ya nyumba, wino, matope ya Sosiani mvua ikinyesha, zote ni koloidi. Na kila koloidi ina swali moja la kuudhi: kwa nini hivi vitu havishikani vikaanguka chini?

Michael Faraday alikuwa ameshaona swali hilo miaka minne kabla, 1857. Alitengeneza maji yenye chembe za dhahabu ndogo sana hivi kwamba hayakuwa na rangi ya dhahabu, yalikuwa mekundu kama divai. Akiongeza chumvi kidogo, yanageuka buluu. Chembe zilikuwa zimeshikana. Hakujua ni kwa nini hasa, lakini aliona kwamba kuna kitu kilikuwa kinazitenganisha na chumvi ilikiondoa.

Hapo ndipo hadithi inagawanyika mara mbili: kuna nguvu inayovuta na kuna nguvu inayosukuma.

Ya kuvuta ilianza kueleweka kupitia mtu ambaye mimi binafsi namheshimu sana, Johannes van der Waals. Baba yake alikuwa fundi seremala kule Leiden, Uholanzi. Yeye alikuwa mwalimu wa shule, na hakuruhusiwa kufanya mitihani ya chuo kikuu kwa sababu hakuwa amesoma Kilatini na Kigiriki. Baadaye hiyo sheria ikalegezwa, na mwaka 1873, akiwa na miaka 35, akatoa tasnifu iliyosema kwamba molekuli za gesi zinavutana, hata zile ambazo hazina chaji. Mwaka 1910 akapewa Nobel ya fizikia. Mimi niliacha campo, kwa hivyo hiyo stori ya kufungiwa mlango kwa sababu ya karatasi naisoma polepole sana, lakini tuendelee.

Kwa nini kitu kisicho na chaji kivutane na kingine? Jibu lilikuja 1930 kutoka kwa Mjerumani anayeitwa Fritz London (ndiyo, London ni jina la ukoo, hatuongelei mji). Elektroni za atomu hazitulii. Kila sekunde ndogo upande mmoja wa atomu unakuwa na elektroni nyingi kuliko mwingine, na hiyo inasukuma elektroni za jirani zijipange, basi wanavutana. Ni mvuto mdogo sana, ila haulali. Ukitaka kuuona, angalia mjusi kafiri kwa dari yako usiku. Mwaka 2002 watafiti Marekani walionyesha kwamba mijusi wa jamii hiyo hawatumii gundi wala kunyonya. Miguu yao ina vinywele vidogo visivyohesabika vinavyokaribia ukuta mpaka huo mvuto mdogo, ukijumlishwa, unabeba mjusi mzima.

Kujumlishwa ndiyo neno kubwa hapo. Mwaka 1937 Hugo Hamaker, akifanya kazi kwa maabara za Philips pale Eindhoven, alipiga hesabu ya mvuto wa molekuli zote za chembe moja kwa molekuli zote za chembe nyingine. Akapata kwamba kati ya chembe mbili za koloidi mvuto si mdogo tena. Na unafika mbali kuliko watu walivyodhani. Maana yake ni kwamba kila koloidi duniani inataka kuganda. Ikiachwa tu, itaganda. Ukiona haijaganda, jua kuna kitu kinaizuia.

Sasa ya kusukuma. Chembe nyingi zikiwa majini zinabeba chaji, na zenye chaji sawa zinakatana. Lakini majini kuna pia ayoni za chumvi, na hizo zinakuja kuzunguka chembe kama umati unaokuzuia usimwone adui yako upande ule mwingine. Chumvi ikiwa nyingi, chembe hazihisiani tena mpaka zikaribiane sana, na zikikaribiana, mvuto wa van der Waals unazichukua. Ndicho kilichotokea kwa dhahabu ya Faraday. Hans Schulze mwaka 1882 na William Hardy mwaka 1900 walionyesha kwamba ayoni yenye chaji tatu inagandisha vibaya sana kuliko yenye chaji moja. Hiyo ni sehemu ya sababu shabu, ambayo ina alumini, inasafisha maji ya matope wakati chumvi ya mezani haiwezi.

Hizo nusu mbili ziliunganishwa kuwa nadharia moja na watu wa pande mbili ambao vita vilikuwa vimewatenganisha. Boris Derjaguin na Lev Landau walichapisha yao Muungano wa Sovieti mwaka 1941. Evert Verwey na Theodoor Overbeek walifanya yao Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, kitabu kikatoka 1948. Leo inaitwa DLVO, herufi za majina yao wote wanne. Inasema hivi: jumlisha mvuto na msukumo kwa kila umbali. Ukipata kilima katikati, chembe zinakaa mbalimbali. Kilima kikishuka, zinashikana na haziachani tena.

Mwanzo wa miaka ya 1970, kule Cambridge, Jacob Israelachvili na David Tabor walipima huo mvuto moja kwa moja. Walichukua vipande viwili vya ulanga, lile jiwe linalobambuka kama karatasi, wakavikaribisha mpaka umbali wa nanomita moja na nusu hivi, wakapima nguvu. Baadaye Israelachvili aliandika kitabu ambacho wanafunzi wa kemia bado wanatembea nacho, toleo la kwanza 1985. Kwa hivyo kutoka Faraday mpaka kipimo safi ni zaidi ya miaka 100. Si kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Ni watu waliendelea kuuliza swali moja na kuandikiana.

Turudi kwa maziwa, kwa sababu maziwa yana ujanja wa ziada ambao DLVO peke yake haielezi. Mwaka 1956 David Waugh na Peter von Hippel, Marekani, walitambua aina moja ya kaseini wakaiita kappa. Hii kappa inakaa nje ya kifurushi, na mkia wake umetokeza majini kama nywele. Fikiria kila kifurushi kimevaa afro. Vifurushi viwili vikikaribiana, nywele zinagusana kwanza na kukataa kubanwa. Pia zina chaji hasi. Kwa hivyo maziwa mabichi yana walinzi wawili, chaji na nywele, na pH yake ni kama 6.7.

Ukitaka kugandisha maziwa, lazima uwaondoe hao walinzi. Na hapa ndipo bibi zetu wanaingia.

Mursik inatengenezwa hivi, kwa ufupi: sotet inaoshwa na kukaushwa. Vijiti vya senetwet, ule mti wenye maua ya manjano, vinachomwa, na makaa yake yanasuguliwa ndani ya kibuyu mpaka ukuta wote uwe mweusi. Maziwa, mara nyingi yamechemshwa na kupozwa, yanamiminwa ndani, kibuyu kinafungwa, kinawekwa mahali pa baridi siku kadhaa. Bakteria wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. pH inashuka. Ikikaribia 4.6, chaji ya kaseini inafika sifuri. Nywele zinalala. Walinzi wote wawili wameenda, na mvuto ambao ulikuwepo tangu mwanzo unashinda. Vifurushi vinashikana mkono kwa mkono vikajenga wavu, na wavu unashikilia maji ndani yake. Ndiyo maana ni uji mzito na si jiwe. Kabla ya kumimina, kibuyu kinatikiswa, wavu unavunjika vipande vidogo, makaa yanasambaa, unapata ile rangi ya kijivu inayokaribia buluu ambayo mgeni huiangalia mara mbili.

Angalia ni nini kinaendeshwa hapo. Asidi inaendeshwa kwa muda na baridi. Ukuta wa kibuyu, ambao ni sponji, unapakwa makaa, na makaa ni kitu chenye matundu mengi hivi kwamba gramu chache zina uso mkubwa kuliko unavyoweza kudhani. Uso huo unanasa harufu na ladha kwa nguvu zile zile za van der Waals. Hiyo ni kazi ya nyuso. Sisemi bibi yako alijua kuhusu Landau, wacha hizo mambo za WhatsApp za "wazee wetu walijua kila kitu". Ninachosema ni kwamba alikuwa anashika usukani wa nguvu ambazo wazungu walikuwa bado wanazitafutia jina.

Sasa kwa nini yeye hayuko kwa kitabu? Watu husema ni kwa sababu jikoni si maabara. Hiyo si kweli, na nina ushahidi. Agnes Pockels alikuwa msichana wa Ujerumani ambaye hakuruhusiwa kuingia chuo kikuu kwa sababu ni mwanamke. Alikuwa anaosha vyombo kwao Braunschweig, akaanza kuchunguza jinsi mafuta na sabuni vinabadilisha uso wa maji, akajitengenezea chombo cha kupimia kwa vitu vya jikoni. Akamwandikia barua Lord Rayleigh wa Uingereza. Rayleigh akaipeleka kwa jarida la Nature, ikachapishwa 1891. Vyombo ambavyo maabara hutumia kwa kazi hiyo mpaka leo vimetokana na wazo lake.

Hapa kwetu tuna mfano wa karibu, Erasto Mpemba wa Tanzania. Mwaka 1963 alikuwa Form 3 pale Magamba, anatengeneza aiskrimu ya maziwa, akaona mchanganyiko wake wa moto uliganda kuwa barafu kabla ya ule uliopozwa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea, na huyo hakucheka, alienda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu hicho kitu, na kina jina lake. Pockels na Mpemba walikuwa jikoni kama bibi yako. Tofauti ni kwamba swali lao lilifika kwa karatasi.

Hapa Uasin Gishu, karatasi zilikuwa za watu wengine. Makaburu wa msafara wa Van Rensburg walifika 1908. Mji ulianza kama Shamba namba 64, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo, na ukapewa jina la Eldoret 1912. Mwaka 1925 walowezi wakaunda KCC, ushirika wao wa kuuza siagi na maziwa. Mwafrika alikuwa mkamuaji. Ni mpaka mpango wa Swynnerton wa 1954 ndipo serikali ya kikoloni ilianza rasmi kusukuma wakulima Waafrika wafuge ng'ombe wa gredi kwa biashara. Kwa hivyo wakati wetu tulipoingia kwa soko la maziwa, kipimo kilikuwa kimeshaamuliwa. Maziwa mazuri ni yale ambayo bado hayajaganda. Ujuzi wa kugandisha vizuri, ambao sisi ndio tulikuwa nao, haukuwa na safu kwa kitabu cha hesabu.

Sisemi hicho kipimo ni kibaya. Kiwanda kinapasha maziwa moto sana, na maziwa dhaifu yatakatikia ndani ya mashine. Kila mtu aliyewahi kuwa na chai imekatika anaelewa. Shida yangu ni kwamba kipimo kilikuja bila maelezo.

Kile kipimo cha alikoholi kinafanya kazi hivi. Unachukua kiasi sawa cha maziwa na alikoholi kali, mara nyingi karibu asilimia 70, unatikisa. Zile nywele za kappa zinasimama kwa sababu zinapenda maji. Alikoholi inawanyang'anya hayo maji, nywele zinasinyaa. Kama maziwa yalikuwa na nguvu, yanavumilia. Kama mlinzi mmoja alikuwa ameshachoka, yanaganda mbele ya macho yako. Ni jaribio zuri kwa kweli. Nusu dakika tu na umepima kilima cha Derjaguin ukiwa umesimama kando ya barabara ya murram.

Lakini mlinzi anaweza kuchoka kwa sababu nyingi. Moja ni asidi, maziwa yamekaa kwa jua muda mrefu au chombo kilikuwa chafu. Nyingine ni dang'a, maziwa ya siku za kwanza baada ya ng'ombe kuzaa. Nyingine ni ng'ombe aliye karibu kukauka. Nyingine ni ugonjwa wa kiwele. Nyingine ni chumvi za ndani ya maziwa, kama kalsiamu, kukosa mizani kwa sababu ya lishe. Hizo zote zinatoa jibu moja kwa kile kikombe: vidonge.

Senge yangu, yaani dada ya baba, ana ng'ombe wanne. Mwaka jana maziwa yake yalirudishwa siku tatu mfululizo kwa kituo kimoja, lita 18 kila siku. Alipouliza sababu, mpimaji akamwambia, "Mama, osha vyombo." Senge ni mtu ambaye anaosha mtungi kama anaenda kuupeleka kanisani. Akaudhika, akaosha tena, na kesho yake yakarudishwa tena. Siku ya nne daktari wa mifugo alikuja kwa shughuli nyingine, akamwambia akamue kila ng'ombe kwa kikombe chake. Ng'ombe mmoja alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Watatu walikuwa sawa kabisa. Lita 54 zilipotea kwa sababu ya titi moja, na kwa sababu hakuna mtu alimwambia kwamba kikombe hakipimi usafi, kinapima kama chembe zinaweza kukaa mbalimbali.

Unaona sasa kwa nini naipigia kelele hii historia? Kwa Senge, tofauti kati ya "yameganda kwa sababu ya asidi" na "yameganda kwa sababu ya kiwele" ilikuwa ni pesa ya karo. Nadharia ilikuwa imeandikwa tangu 1948. Ilikuwa kila mahali isipokuwa kwenye foleni ya mitungi.

Na kabla hujaenda kuandika kwamba mursik ni bora kuliko kila kitu, ngoja. Maelezo yanakata pande zote. Magharibi ya Kenya ni kati ya sehemu za Afrika zenye saratani nyingi ya umio, na Eldoret ni mahali watafiti wamekuwa wakiifuatilia kwa miaka. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliopima mursik na kukuta ndani yake ethanoli na asetaldehaidi, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linaihesabu kuwa hatari pale inapotokana na pombe. Makaa nayo, kama kitu chochote kilichoungua, yanaweza kubeba kemikali mbaya za moshi. Hiyo haimaanishi funda moja la mursik linakuua. Wengine wanashuku zaidi chai inayonywewa ikiwa moto sana, na shirika hilo hilo lilisema 2016 kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinaleta saratani ya umio. Inamaanisha kwamba mursik inastahili kupimwa kwa umakini ule ule ambao kiwanda kinapimia maziwa ya Senge. Bakteria gani wako ndani? Siku ngapi? Makaa kiasi gani? Kuna watu wataniita msaliti kwa hii aya. Mimi naona kitu unachokipenda unakipima. Ukikataa kukipima unakiacha kife na wazee, halafu siku moja kampuni itakipima badala yako na kukuuzia kwa pakiti.

Na pakiti zinakuja, usidanganyike. Soko la maziwa lilifunguliwa 1992, KCC ya zamani ikaporomoka, ikarudi mikononi mwa serikali 2003 kama New KCC, na sasa rafu ya supamaketi imejaa mala, yogati za kila rangi, na mursik ya chupa. Mala yenyewe ni "maziwa lala", jina la Kiswahili kwa kitu tulichokuwa tunafanya bila kiwanda. Anayepata faida kwa hiyo rafu ni mtu anayejua pH yake ni ngapi na wavu wake utashikilia maji siku ngapi kabla ya kutoa jasho juu. Hiyo ni elimu ya nguvu za nyuso, neno kwa neno.

Kwa hivyo Disemba ukienda ocha, fanya vitu viwili. Cha kwanza, kama kwenu mnauza maziwa na yakarudishwa, usikubali jibu la "osha vyombo" peke yake. Uliza ni kipimo gani kimeanguka. Uliza kama wana cha asidi pia. Rudi nyumbani ujaribu ng'ombe mmoja mmoja. Cha pili, kaa na bibi yako au shosho wa jirani akitengeneza mursik, na uandike. Mti gani, makaa kiasi gani, kibuyu kinakaa wapi, siku ngapi, anajuaje imeiva. Usiandike "kwa mapenzi na subira". Andika namba. Pockels alikuwa na beseni la vyombo na barua moja. Wewe una simu yenye kamera, na bibi bado yuko.